Nusu mita ya waya: uzoefu wangu na saji protekta ya kwenye meni swichi

Radi iliyoniunguzia televisheni haikupiga nyumba yangu. Ilipiga mti, mbali kidogo, jioni moja mvua ikiwa bado manyunyu. Nilisikia mlio mkavu nyuma ya televisheni, "tap!", kama mtu amevunja kijiti, halafu ikaja harufu ya plastiki iliyoungua. Asubuhi nikahesabu maiti: televisheni, ruta, chaja mbili na bodi ya mashine ya kufulia. Pasi nzima, feni nzima. Vilivyokufa ni vile vyenye elektroniki ndani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba televisheni ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakinga radi. Nikaifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kidonge kimoja cha buluu, saizi ya kifungo cha koti, kimepasuka katikati. Hiyo ndiyo varista. Imetengenezwa kwa oksidi ya zinki, na kwa volti za kawaida hukaa kama haipo. Volti zikipanda ghafla inafungua njia na kuupitisha umeme pembeni usifike kwenye kifaa chako. Yangu ilikuwa imefungwa kati ya laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) tu. Kisha nikafungua na soketi ya ukutani: waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya boksi. Kwa hiyo hata ningenunua ekstensheni bora kuliko ile, umeme wa radi usingekuwa na njia ya kushuka ardhini.

Ndipo nikanunua saji protekta, yaani kifaa cha kukinga vyombo dhidi ya mruko wa volti zinazopanda ghafla. Ni ya kufunga kwenye meni swichi, ile inayoitwa Aina ya 2. Ubavuni imeandikwa Uc volti 275 (volti inazohimili muda wote), In kiloampea 20 (mkondo inaoweza kuupitisha mara nyingi), Imax kiloampea 40 (mkubwa kabisa inaouweza), Up kilovolti 1.5. Wauzaji wanakupigia debe zile kiloampea, maana zinavutia machoni. Mimi nakwambia tazama Up. Hiyo ndiyo volti inayobaki ikielekea kwenye vyombo vyako baada ya kifaa kufanya kazi yake, na ndogo ni bora. Vyombo vingi vya nyumbani kwenye umeme wa volti 230 vinatakiwa kuhimili mruko wa kilovolti 2.5. Nikapiga hesabu: 1.5 dhidi ya 2.5, niko salama.

Hesabu hiyo ilikuwa ya karatasini. Fundi wa kwanza alifunga kazi safi sana kwa macho. Saji protekta aliiweka kona ya chini ya boksi palipokuwa na nafasi, nyaya akazipitisha pembeni, akazikunja vizuri kama suka la nywele, akazibana kwa vibanio. Nilimsifu, nikampiga picha na boksi lake. Mwezi mmoja baadaye nilimwita fundi mwingine, mtu mzima, kwa shida ya breka. Alipofungua mfuniko hakuitazama breka. Alitoa futi kamba, akapima waya wa laini kutoka kwenye breka hadi kwenye saji protekta, akaongeza na ule wa kutoka hapo kwenda kwenye baa ya ethi.

"Sentimita 160," akasema. "Mdogo wangu, radi haijali urembo."

Akanieleza hivi. Umeme wa radi unapanda kwa mikrosekunde chache tu, na kwa mwendo huo hata waya mnene wa shaba unaukataa. Kila mita ya waya inaweza kuongeza kama kilovolti 1 juu ya ile Up iliyoandikwa ubavuni. Yangu 1.5, jumlisha 1.6 ya nyaya, jumla 3.1. Ile 2.5 tumeshaipita, na kifaa wala hakina kosa. Kanuni ya ufungaji ni kwamba waya wa kuingia na wa kutoka, ukijumlisha, usizidi nusu mita. Akaihamishia juu, ikakaa ubavu kwa ubavu na swichi kuu, akaisogeza baa ya ethi, akatupa nyaya nyembamba akaweka za milimita 6 za mraba, zimenyooka, bila kona za urembo. Tukapima tena: 38. Haipendezi hata kidogo.

Ethi nayo ilikuwa na yake. Mita ya kupimia ilisoma omu 48, na hapa namba ndogo ndiyo bora, maana umeme unashuka ardhini kwa urahisi. Tukaongeza njiti mbili za chuma ardhini, kila moja mbali na mwenzake, ikashuka hadi 19. Fundi angetaka chini ya 10 lakini udongo ulikuwa mkavu. Ila jambo lililonifungua macho ni dishi. Dishi langu lilikuwa na njiti yake peke yake nje, haijaungana na ethi ya nyumba. Radi ikipiga karibu, ardhi penye njiti hii na penye njiti ile zinakuwa na volti tofauti kwa muda mfupi, na kilichoziunganisha ni televisheni: waya wa dishi unaingia huku, wa umeme unaingia kule. Naamini hivyo ndivyo ilivyokufa. Sasa njiti zote zimefungwa pamoja kwa waya mmoja.

Tangu hapo imepita misimu miwili ya mvua. Usiku mmoja ngurumo zilitikisa madirisha, na asubuhi kidirisha kimoja cha saji protekta kilikuwa kimegeuka kutoka kijani kuwa chekundu. Maana yake kile kichwa, yaani kipande cha kuchomoa chenye varista, kimekufa kikazini. Nilizima swichi kuu, nikakichomoa, nikapachika kipya, bila kugusa nyaya. Hakuna kilichoungua ndani ya nyumba. Kwa hilo naipa 4 kati ya 5.

Moja ninayoikata ni kwa sababu hakuna aliyeniambia isichokinga. Siku nyutro ya nje ililegea, volti zilipanda zaidi ya 300 zikakaa hapo dakika kadhaa. Saji protekta ni ya mruko wa kufumba na kufumbua. Umeme uliozidi kwa dakika nzima unaipika tu mpaka ijikate yenyewe. Ilijikata, na bodi ya friji ikaenda. Kwa shida hiyo unahitaji kifaa kingine, kile kinachokata umeme volti zikizidi au zikipungua, kisha kinasubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Nimekifunga, lakini kwa radi chenyewe ni cha polepole mno. Ukitaka usingizi, funga vyote viwili.

Jirani aliiona yangu akataka kununua kama hiyo hiyo. Yeye ana mtego wa radi juu ya paa, ile fimbo ya chuma ya kuipokea radi, na nyumba yenye mtego inahitaji Aina ya 1 pale umeme unapoingilia, kwa sababu hiyo hupimwa kwa wimbi refu zaidi linalofanana na radi yenyewe. Afadhali aliuliza kwanza.

Mashine ya kufulia iko chumba cha mwisho, zaidi ya mita 10 kutoka kwenye meni swichi, mbali mno kutegemea kinga ya pale tu, kwa hiyo huko nimeongeza ndogo ya kwenye soketi, safari hii ethi ikiwa imeungwa. Bado ruta. Upande wa umeme imekingwa, ila waya wa simu unaingia moja kwa moja kutoka nguzoni. Ngurumo zikiwa bado za mbali, hiyo naichomoa pande zote mbili.