Kabla ya kununua tanuri la shanga, uliza kihisi kiko wapi

Ujumbe unaonijia zaidi siku hizi ni wa aina moja. Shanga za kioo zimetoka tanurini nzima, zimepigwa picha, zimetungwa. Baada ya wiki kadhaa mwenyewe anasikia "ta!" ndani ya kisanduku, anafungua, anakuta ushanga umekatika vipande viwili kufuata tundu. Mwingine anasema mteja wake ndiye aliyepasukiwa, tena umeshavaliwa. Akirudi kwa muuzaji wa tanuri anaambiwa, "Dada, hilo ni tatizo la kioo chako." Akienda kwa muuzaji wa kioo anaambiwa ni tanuri.

Kila anayeniandikia namuuliza: kihisi cha joto kimechomoza sehemu gani ndani ya tanuri lako, na shanga unazilaza wapi? Wengi hawajawahi kukitazama. Wanajua rangi ya namba kwenye kidhibiti, wanajua uzito wa boksi, lakini hicho kijiti chembamba kinachoamua maisha ya kazi yao yote hawajui kilipo.

Kwa hiyo leo sisemi habari za ukubwa, uzito wala rangi. Hayo utayaona mwenyewe. Joto la juu kabisa nalo silihesabu, ingawa ndilo wauzaji wanaloliandika kwa herufi kubwa. Sisi watu wa mwali hatuyeyushi kioo ndani ya tanuri. Tunakiyeyusha kwenye tochi, kisha tunakipoza. Kioo laini cha chapa ya Effetre kinataka kati ya nyuzi 510 na 520 za Selsiasi. Borosiliketi, kile kioo kigumu, inataka kama 565. Tanuri la kufika 1,200 kwa ajili ya kazi hiyo ni kulipia joto usilolihitaji, labda kama una mpango wa kuchoma udongo au madini ya fedha baadaye.

Tatizo liko hivi. Ushanga unapotoka kwenye mwali, ngozi yake inapoa kabla ya moyo wake. Ngozi inakaza, moyo bado unataka kusinyaa, na mvutano unabaki umefungwa humo ndani. Tanuri kazi yake ni kuushika ushanga kwenye joto ambalo kioo kinaweza kuuachia ule mvutano bila kupoteza umbo, kisha kuushusha taratibu. Ukiuweka chini mno, mvutano hautoki hata ukiuacha usiku kucha. Ukiuweka juu mno, ushanga unalainika na kuchukua alama za sakafu. Nafasi ya katikati ni finyu, na tofauti ya nyuzi 40 inatosha kukutoa nje yake.

Sasa angalia matanuri mengi madogo yanayofunguliwa kwa mbele. Kihisi kimepita ukuta wa nyuma. Vijiti vyetu vya chuma, vile tunavyozungushia kioo kuwa ushanga, vinaingia kwa mbele kupitia kimlango kidogo cha shanga, na mikia yake inabaki nje. Maana yake shanga zimening'inia karibu na mlango, mahali penye baridi kuliko pote, na kila ukiingiza mpya unafungua na hewa ya nje inazipiga tena zile za zamani. Kidhibiti kinaonyesha 515, na ni kweli, huko nyuma ni 515. Hapo mbele walipolala watoto wako ni joto jingine kabisa, na hakuna namba inayokuambia.

Kulijua hilo si kazi ngumu. Nunua kipimajoto cha mkononi chenye waya wa kuhisi joto wa aina ya K. Hakihitaji kuwa cha kifahari, mradi ala ya waya wake ihimili joto hilo. Washa tanuri, subiri litulie, kisha upitishe waya kwenye kimlango na uache ncha yake pale pale shanga zinapokaa. Linganisha na kidhibiti. Pengo likiwa dogo, pandisha joto ulilopanga kwenye kidhibiti kwa kiasi hicho. Likiwa kubwa, sogeza shanga, kwa sababu ukipandisha mno za nyuma zitalainika. Na usiguse koili, zile nyaya za umeme zinazopasha tanuri joto, kwa waya huo.

Njia ya pili ya kupima ni ya bure kwa aliye na miwani ya jua yenye kichujio cha polaroidi. Tengeneza ushanga mmoja wa kioo kisicho na rangi, uupitishe tanurini kama wengine. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta ya LCD, vaa miwani, kisha inamisha kichwa polepole hadi skrini igeuke nyeusi. Weka ushanga kati ya skrini na miwani. Ukiona mwanga ukipenya kuzunguka tundu, mvutano bado umo. Ushanga wa rangi nzito hautakuonyesha kitu, ndiyo maana nasema wa uwazi.

Haya, matanuri. Sijifichi: mimi ni mtu wa Paragon SC2, ile yenye kimlango cha shanga, na sioni dalili ya kubadilika. Chumba chake kina upana wa kama sentimita 20 na kina karibu hicho hicho, na ufupi huo ndio ninaoupenda. Ukitumia kijiti cha sentimita 30, ushanga wako unafika ndani vya kutosha kuukaribia ukuta wa nyuma, kwenye joto ambalo kihisi kinalijua. Kwa kijiti kifupi utaharibu faida yote hiyo, kwa hiyo usibane matumizi kwenye vijiti. Kuta ni za nyuzi za kauri, hazina uzito wa kubeba joto, kwa hiyo ukifunga kimlango linarudi kwenye kiwango haraka. Koili zimezikwa ndani ya kuta hizo. Hili la koili nalihesabu sana, maana sisi tunaingiza vyuma ndani ya kitu chenye umeme, tena macho yetu yametoka kutazama mwali.

Lina ubaya wake. Nyuzi za kauri ni laini, ukichokoachokoa kwa vijiti zinachimbika, na vumbi lake si la kuvuta puani. Ukisafisha, vaa barakoa. Koili ikifa hubadilishi koili, unabadilisha chumba kizima. Nalisamehe. Mwenye kulilazia kigae sakafuni na kutolichokoachokoa atakaa nalo muda mrefu.

La pili kwangu ni Evenheat Kingpin 88. Nalo ni la kufungua kwa mbele, limefikiriwa kwa ajili ya watu wa shanga, na kampuni ina jina la muda mrefu kwenye matanuri. Ukilipata kwa urahisi kuliko SC2, sitakulaumu. Fanya tu kipimo cha waya kabla ya kuliamini.

Kundi la tatu ni la matanuri ya matofali yenye kifuniko cha juu, kama Paragon Caldera unayoiongezea pete yenye kimlango cha shanga. Ni imara, linafika nyuzi 1,287, na anayetaka pia kuchoma udongo atalifurahia. Lakini koili zimelala wazi kwenye mifereji ya matofali. Kijiti cha chuma kikiteleza kikagusa koili yenye umeme, uliyekishika ni wewe. Na ile pete inakaa juu ya chumba. Pima hapo shanga zinapokaa, usipime chini.

Yale ya maabara yasiyo na jina, yenye mlango mmoja mkubwa, yanafaa kwa mtu wa aina moja tu: yule anayepoza kwa mafungu. Anatengeneza shanga ndogo, anazifunika kwenye blanketi la nyuzi za kauri zipoe bila haraka, kisha siku nyingine anazipanga zote tanurini, anapandisha taratibu, anashikilia, anashusha. Huyo hahitaji kimlango, na zake anaweza kuzilaza katikati. Shanga kubwa hazivumilii safari hiyo. Zitapasuka kwenye blanketi.

Ya swichi ya kuzungusha bila kidhibiti, hapana. Ya kuwekwa ndani ya maikrowevu, hapana.

Nikija kwa wauzaji ndipo damu inapochemka. Tangazo lina picha kumi, zote za mlango uliofungwa. Unaomba picha ya ndani, unatumiwa brosha. Wanaandika "dijitali", ukifuatilia unakuta dijitali yao ni kuonyesha joto tu; kushikilia na kushusha kwa hatua haliwezi, na kidhibiti cha kweli kinauzwa kando. Kimlango cha shanga nacho kinauzwa kando, wakati kwenye picha kipo! Kipande cha bati na nyuzi kidogo, bei yake utadhani unanunua tanuri la pili. Halafu kuna la volti. Ukiwa na umeme wa volti 230 ukauziwa toleo la 120, muuzaji anakuambia tafuta transfoma. SC2 la 120 linavuta wati 1,680, ampia 14, kwa saa nyingi mfululizo. Transfoma ya kubeba hiyo bila kuungua ni kubwa, nzito, na ni gharama ambayo hakuitaja alipokuwa anakusifia. Toleo la volti zako lipo. Msisitize akuagizie hilo au aache.

Na wanaojibu "ni kioo chako" kabla hata ya kuuliza mteja alishikilia joto kwa muda gani, sijui wanauza nini. Swali la kwanza lilipaswa kuwa hilo. Kwa shanga za kawaida nusu saa hadi saa moja kwenye kiwango, kisha kushuka kama nyuzi 80 kwa saa hadi 370, ndipo unazima na kuliacha limefungwa.

Ukinunua la mkono wa pili, liwashwe mbele yako hadi 515 na likae hapo huku waya wako ukiwa mlangoni. Angalia kama kihisi kimechomoza kweli ndani ya chumba, maana kinaweza kusukumwa nyuma hadi kikapima ukuta. Chungulia sakafu uone mabaki ya kioo yaliyoyeyuka; yakiwa yamegusa koili, mwachie tanuri lake.