Gitaa la nusu uvungu kwa sauti ya ovadraivu: uzoefu wangu

Gitaa langu la kwanza lenye matundu ya f, yale yaliyochongwa usoni kwa umbo la herufi hiyo, nililichagua kwa macho. Lilikuwa jembamba, jekundu, lina mabega mawili ya mviringo, na kila aliyeliona aliliita "335". Nikaamini. Siku ya kwanza ya mazoezi na bendi nilikanyaga pedali ya ovadraivu, kile kifaa cha mguuni kinachoipa sauti ya gitaa mkwaruzo, na kabla sijagusa uzi hata mmoja likaanza kunguruma, mngurumo mzito wa chini uliomeza besi na ngoma. Nikishusha volyumu linatulia, nikipandisha linarudi. Jioni nzima nilipiga huku nimezibana nyuzi kwa kiganja.

Gitaa lile halikuwa bovu, ila halikuwa la nusu uvungu. Lilikuwa tupu ndani, mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo wengi tunapokosea.

Watengenezaji wa magitaa Gibson walipotoa ES-335, ile "335" yenyewe, mwaka 1958, wakati kampuni ikiongozwa na Ted McCarty, walipitisha gogo la mbao ya mepo katikati ya mwili, kutoka kwenye shingo hadi mkiani. Pikapu, yaani vinasa mtetemo wa nyuzi, na daraja vimekaa juu ya gogo hilo, na yanayobaki wazi ni mabawa mawili ya pembeni tu; hiyo ndiyo nusu uvungu. Mwaka uliofuata ikaja ES-330, sura ileile, lakini ndani hakuna gogo. Epiphone Casino ya mwaka 1961 ni ya ukoo huo wa 330. Yatundike yote matatu ukutani na mgeni atakuambia ni ndugu wa tumbo moja, kumbe tumbo ndilo linalowatofautisha. Kwa sauti safi, au yenye mkwaruzo mwembamba, gitaa tupu lina utamu wake na silibezi. Tatizo langu lilikuwa ninachokitaka: solo zenye ovadraivu nzito, mpiga ngoma akiwa hatua tatu kutoka nilipo.

Ovadraivu haifanyi kazi ya kukwaruza tu. Inazinyanyua sauti ndogo mpaka zikaribiane na kubwa. Spika inatikisa uso wa gitaa, uso unatikisa nyuzi, pikapu inazisikia, amplifaya inakuza tena, na mzunguko unaanza. Gitaa lenye uso mwepesi usioshikwa na kitu chini yake linaingia kwenye mzunguko huo haraka sana. Gogo la kati linaunyima uso nafasi ya kucheza.

Basi mara ya pili niliingia dukani nikijua ninachotafuta. Jambo la kwanza nililofanya ni kuchungulia kwenye tundu la f kwa tochi ya simu. Ukiona ukuta wa mbao umesimama karibu na tundu, gogo lipo. Ukiona mwanga unaoingia kwa tundu la upande wa pili, ni tupu. Usihukumu kwa kishikio cha nyuzi cha mkiani: kuna 335 za katikati ya miaka ya 1960 zenye kishikio kirefu cha kuning'inia kama magitaa ya jazi, na gogo liko ndani vilevile.

Nilibeba pedali yangu mwenyewe, na nikaomba nijaribu nikiwa nimesimama, sauti ikiwa juu kama ninavyopiga na bendi, mita mbili kutoka kwenye spika. Niliona haya kuomba, lakini ndiyo nusu saa iliyonifaa kuliko miezi yote ya kusoma maoni. Ukiwa umekaa kwenye kiti na amplifaya ndogo ya pembeni, kila gitaa ni zuri.

Nilijaribu matatu, yote yenye gogo. La kwanza lilikuwa na mwili mdogo, kipimo cha ES-339 ambayo Gibson waliitoa mwaka 2007. Lilikuwa tulivu kuliko yote. Nilipandisha geni, kiasi cha mkwaruzo, mpaka nikaogopa, nalo halikulia. Mkononi ni jepesi kulizoea, na anayetoka kwenye gitaa la mbao nzima, lisilo na uvungu wowote, hatapata taabu. La pili lilikuwa na pikapu za P-90, na lilikuwa na mkwaruzo mtamu kuliko yote, wenye meno, kordi ikipigwa inachanua. Ila P-90 ni pikapu ya koili moja: geni ilipopanda, mvumo wa umeme ulipanda nayo, na kila nilipoacha kupiga ulijaza chumba. La tatu ni la kipimo kamili, upana wa inchi 16, na pikapu mbili za hambaka, zenye koili mbili zinazofuta mvumo huo. Hilo ndilo nililoondoka nalo. Si Gibson, ni moja kati ya nakala nyingi zilizotengenezwa kwa ramani ileile. Palikuwa na mawili ya modeli moja, na moja lilikuwa na noti zilizokufa haraka kwenye freti za juu. Kwa hiyo nawaombeni mchague gitaa lenyewe, msichague jina la modeli.

Kwa nini niliuacha utulivu wa lile dogo? Kwa sababu ya namna noti inavyoanza. Kwenye hili kubwa, ukipiga uzi unasikia kwanza pumzi fupi ya mbao, kisha mkwaruzo unafuata na kuishika noti. Gitaa la mbao nzima hunipa mkwaruzo tangu sekunde ya kwanza, ukuta mmoja. Hapa naweza kupiga kordi ya nyuzi nne chini ya ovadraivu na bado nikasikia kila uzi unasema nini. Mpiga gitaa Larry Carlton alijenga jina lake kwa sauti ya namna hii akiwa na 335, na nilipokuwa kijana nilidhani siri ni vidole vyake peke yake.

Lakini gitaa hili linadai adabu. Besi lazima ipunguzwe kabla ya mkwaruzo, si baada. Ndiyo maana pedali za jamii ya Tube Screamer zinalipenda: zenyewe hukata besi kabla ya kukwaruza na kusukuma sauti za kati. Pedali nyingine niliyokuwa nayo, iliyopitisha besi yote, iliigeuza pikapu ya shingoni kuwa tope. Nilishusha skrubu za pikapu hiyo mizunguko miwili, nikashusha volyumu yake mpaka 7, na tope likatoka. Geni naweka nusu ya nilivyozoea. Hakuna aliyewahi kuniambia haitoshi.

Kelele nazo ni za aina mbili, na dawa zake ni tofauti. Mngurumo wa chini unatoka mwilini: geuka kidogo, sogea, ziba matundu. Nimekata sponji mbili kwa umbo la f na ninazipachika tukipiga kwa sauti kubwa sana. Mpiga gitaa wa bluzi B.B. King alifika mbali zaidi, kwani gitaa la Lucille ambalo Gibson walimtengenezea mwaka 1980 halina matundu kabisa. Mluzi mkali wa juu, ule unaochoma masikio, unatoka kwenye pikapu ambazo koili zake hazikuzamishwa kwenye nta. Huo hauzibwi kwa sponji. Pikapu ya darajani ilinitesa hivyo mpaka fundi akaizamisha.

Kasoro nyingine: nyaya. Potenshomita moja, kile kipande kilicho chini ya kitufe cha volyumu au toni, ilipoanza kukwaruza, fundi alilazimika kuvuta kila kitu kupitia tundu la f, kila kipande kimefungwa uzi ili kirudi mahali pake. Saa tatu za kazi ambayo kwenye gitaa la kawaida ni dakika ishirini. Anayependa kubadilisha pikapu kila mwezi ataumia. Na anayepiga mitindo mizito, nyuzi zikiwa zimelegezwa chini na mapigo yanayokatwa ghafla, achukue la mbao nzima, maana pumzi ninayoipenda mimi itamvurugia.

Kile nilichokikimbia mwanzo sasa nakitafuta. Kwenye sakafu ya chumba cha mazoezi nimebandika kipande cha utepe, hatua mbili mbele ya spika. Nikisimama hapo, nikashika noti ya A kwenye freti ya 14 ya uzi wa tatu na kuligeuza gitaa taratibu kuielekea spika, noti haifi. Inanenepa, inatetemeka, kisha inaruka oktava moja juu na kubaki hapo mpaka niondoe kidole.