The Archers: kijiji cha kubuni kinachoandikwa magazetini

Kwa aliye nje ya Uingereza, habari ya kukera ije kwanza: tangu Julai 2025 programu ya BBC Sounds imefungwa kwa wasikilizaji wa nje. Usihangaike nayo. The Archers, tamthilia ya redio ya BBC kuhusu maisha ya wakulima wa kijiji cha kubuni cha Uingereza, bado inapatikana bure kama podikasti. Andika jina hilo kwenye programu yoyote ya podikasti iliyo kwenye simu yako na utaikuta mara mbili. Kuna vipindi vya kila siku, Jumapili hadi Ijumaa, dakika 13 hivi kila kimoja. Halafu kuna Omnibus, ambayo ni vipindi vya wiki nzima vilivyounganishwa, saa moja na robo au zaidi kidogo. Kwa sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde, kipindi kimoja hula takriban MB 12 za bando, na wiki nzima MB 70 na ushee. Redioni hurushwa saa moja jioni ya London. Kwa Dar es Salaam na Nairobi hiyo ni saa tatu usiku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, na saa nne usiku miezi mingine.

Mgeni aanze na Omnibus. Kipindi cha dakika 13 huruka kutoka nyumba moja hadi nyingine bila msimulizi, wala hakuna wa kukukumbusha yaliyopita jana. Ukisikiliza kimoja leo na kingine keshokutwa, sauti zitakuchanganya na utaacha. Ukisikiliza vyote kwa mkupuo, kisa kinarudi kabla hujasahau nani ni nani. Shika kwanza mashamba, watu watafuata: Brookfield ni la akina Archer, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa; Bridge Farm ni la Pat na Tony, watu wa kilimo hai; Home Farm ndilo kubwa, la akina Aldridge. Akina Grundy ni wale wasioishiwa mipango wala madeni. Baa ya kijiji inaitwa The Bull. Kijiji chenyewe, Ambridge, na mkoa wake wa Borsetshire, usivitafute kwenye ramani.

Tamthilia hii ilijaribiwa mwaka 1950 katika eneo la Midlands, ikaanza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951. Mwanzilishi wake, Godfrey Baseley, alishirikiana na wizara ya kilimo. Vita vilikuwa vimekwisha lakini chakula bado kilikuwa cha mgawo, na mkulima aliyepaswa kuongeza mavuno hakuwa na hamu ya kukaa chini kumsikiliza mtaalamu akihutubia. Basi mbolea, mbegu na magonjwa ya mifugo vikatiwa vinywani mwa jirani zake wa redioni. Kazi hiyo ya kuelimisha iliondolewa rasmi mwaka 1972, ila mpaka leo kuna mhariri wa mambo ya kilimo, na inasikika: zao halivunwi mwezi usio wake. Kwa wasikilizaji wa Maziwa Makuu mtindo huu si mgeni, maana Urunana ya Rwanda, iliyoanza mwaka 1999 na kurushwa na BBC kwa Kinyarwanda, iliiga muundo huo huo.

Tuje kwenye jambo linalowavutia wanaotengeneza tamthilia zao wenyewe mtandaoni: magazeti. Ambridge imekuwa ikiingia kwenye kurasa za habari kwa miaka 70, na si kila mara kwa njia ya kuigwa. Tarehe 22 Septemba 1955, usiku ule ule televisheni ya ITV ilipoanza kurusha matangazo, Grace Archer alikufa kwa moto wa zizi la farasi. Kesho yake magazeti yaliomboleza mtu ambaye hakuwahi kuwepo, na ITV ikakosa nafasi iliyoitarajia. Ujanja mzuri, lakini unafaa mara moja.

Mwaka 2011, kwa sherehe za kutimiza miaka 60, wasikilizaji waliahidiwa tukio la kuitikisa Ambridge hadi kwenye msingi. Nigel Pargetter akaanguka kutoka juu ya paa kwa ukelele mrefu kupita kiasi, na watu wakaucheka ukelele. Habari zilipatikana, heshima haikupatikana.

Kisa cha Helen na mumewe Rob Titchener ndicho kipimo cha kuingia magazetini kwa heshima. Rob aliingia kijijini mwaka 2013 akiwa mwanamume mpole mwenye maneno matamu. Hakuanza na ngumi. Alianza na gauni asilolipenda, akaendelea na marafiki, kazi ya dukani, usukani wa gari, mpaka Helen akawa haamini akili yake mwenyewe. Yote hayo yalichukua zaidi ya miaka miwili, kwa vipande vya dakika mbili tatu, katikati ya habari za ng'ombe na maonyesho ya maua. Desemba 2015 sheria ya kuharamisha udhibiti wa namna hiyo ndani ya nyumba ilianza kutumika Uingereza. Helen alipomchoma Rob kisu tarehe 3 Aprili 2016, waandishi wa habari walikuwa na sheria ya kueleza na mashirika ya kuhoji. Msikilizaji mmoja alikuwa ameshaanzisha mchango wa kusaidia wanawake wanaoteswa majumbani, na ulivuka pauni 100,000. Septemba ikaja kesi, pamoja na kipindi cha saa nzima ndani ya chumba cha baraza la wazee wa mahakama. Kisu kilivuta kamera, lakini bila ile miezi ya maneno madogo madogo kingekuwa ukelele mwingine wa paa.

Upande wa ufundi, sikiliza kwa earphone. Lango la shamba unalosikia likigongwa ni ubao wa kupigia pasi. Mwanakondoo anapozaliwa, hiyo ni mikono iliyopakwa mtindi na taulo lililolowa likiangushwa sakafuni. Hivi vyote mtu anaweza kuvifanya jikoni kwake. Lisilowezekana jikoni lilidhihirika Mei 2020, korona ilipowalazimisha waigizaji kurekodi majumbani kila mtu peke yake: kila mmoja akawa anazungumza na nafsi yake, vipindi vikapoa, na malalamiko yakamiminika. Sauti zilisikika vizuri. Kilichokosekana ni mtu wa kudakia maneno.

Kasoro zipo. Waigizaji hulipwa kwa kipindi, kwa hiyo mhusika anaweza kunyamaza miezi kadhaa huku wenzake wakimtaja kana kwamba yuko chumba cha pili. Ukishagundua hilo, inachosha. Wiki nyingine zinapita kwenye vikao vya kanisa na mashindano ya keki, na hapo rukia wiki inayofuata bila kujuta. Lafudhi nayo ni kazi: Ruth wa Brookfield, mzaliwa wa kaskazini-mashariki, huwashinda hata Waingereza wenyewe. Punguza kasi ya podikasti hadi 0.8 kwa wiki ya kwanza, kisha irudishe 1, kwa sababu ikiwa chini ya hapo vichekesho vya akina Grundy havichekeshi.