Nililipa nionyeshwe ngome, nikaonyeshwa uzio (Sheffield, Uingereza)

Nilijiapiza nisiandike kitu, maana hasira ya siku ya kwanza si ya kuiamini. Sasa zimepita wiki kadhaa na kila nikikumbuka bado damu inachemka, basi acha niseme.

Mama alikuja kunitembelea kutoka Tanga. Nilikuwa nimeshachoka kumwonyesha maduka, kwa hiyo nilipoona tangazo la matembezi ya "ngome iliyozikwa chini ya mji" nikakata tiketi mbili bila hata kuuliza bei ya wazee. Kampuni siitaji jina, wenyewe wanajijua. Mwongozaji tulimkuta karibu na pale Mto Sheaf unapoingia Mto Don. Kijana mrefu, mwavuli wa manjano, anatembea kama anayewahi basi la mwisho. Mama ana mkongojo. Hakumtazama hata mara moja.

Niseme haki: ngome yenyewe huioni. Kuna uzio, kuna matope, kuna mashine za ujenzi. Hilo simlaumu, ingawa tangazo lao lilikuwa na picha ya minara utadhani unakwenda kuipanda. Ngome ya kwanza ilichomwa 1266 na mabwana waliomwasi mfalme. Henry III akatoa kibali 1270 ijengwe ya mawe. Halafu katika ile vita yao ya wenyewe kwa wenyewe jeshi la Bunge likaiteka 1644, na miaka michache baadaye ikabomolewa, mawe yakachukuliwa kujengea vitu vingine. Kwa hiyo kilichobaki kiko chini.

Na hadithi ni tamu, hapo sibishi. Malkia Mary wa Scotland aliwekwa kifungoni hapa Sheffield tangu 1570 hadi 1584. Nilipomtafsiria Mama akashika kifua. "Miaka kumi na minne! Na watoto je?" Nikamwambia alikuwa na mmoja tu, alimwacha Scotland angali mchanga wala hakumwona tena. Mama akanyamaza. Mwongozaji alikuwa ameshavuka barabara.

Tulipomfikia alikuwa anaeleza kwamba wachimbaji wamekuta kwenye handaki la ngome miti iliyochongwa ncha, ya kuzuia adui wakati ule wa vita, na haikuoza kwa sababu ya tope bichi. Mama akaguna tu: "Kwani yeye hajui boriti za mikoko?" Ningependa kuitafsiri hiyo, lakini nani angengoja?

Sasa kisa chenyewe. Kijana akasema kwamba juu ya ngome hii lilikaa soko, Castle Market, la miaka ya 1960, na mabaki ya lango la ngome yalikuwa chini yake, nyuma ya mlango wa kufuli. Soko likafungwa 2013, likavunjwa 2015, wachimbaji wakaingia 2018. Sentensi mbili hizo, mguu njiani. Ila Mama ameuza samaki soko la Ngamiani tangu mimi sijaanza shule. Akasimama pale pale, akauegemea mkongojo: "Muulize, wale wenye vizimba walipelekwa wapi?"

Nikauliza, kwa adabu zote. Akanijibu bila kugeuza shingo: "Hii ni ziara ya ngome, si ya mboga."

Wenzetu wawili watatu wakacheka. Mama akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamdanganya. Nikasema, amesema hajui.

Ndugu zangu, ile "si ya mboga" nimelala nayo na kuamka nayo. Nusu karne watu wamepima samaki na kukata nyama juu ya lango la ngome, halafu mtu anayelipwa kusimulia mahali hapo anaona hiyo si habari? Jibu lenyewe jepesi: walijengewa soko jipya kule The Moor, lilifunguliwa mwaka ule ule wa 2013, na mimi mwenyewe huenda kununua samaki huko. Sekunde tano! Angezitumia sekunde tano kwa mzee aliyekuja kutoka Tanga, na hapa ningekuwa namsifu.

Nyota moja. Au mbili, maana yale ya handaki na ya malkia niliyapata kwake, sikuyaota. La, moja. Aliyecheka kile kicheko ni mteja, lakini aliyekianzisha ni yeye.

Kesho yake nikampeleka Mama The Moor. Akazunguka vizimba vya samaki vyote, akawabonyeza kwa macho tu kwa sababu nilimkataza kutumia kidole, akasema barafu yao ni nyingi mno. Hakununua kitu. Siku ile ndiyo aliyoifurahia kuliko zote, na haikunigharimu chochote.

Juzi nampigia simu, namsikia anamsimulia jirani habari za malkia aliyenyang'anywa mwanawe, na miti isiyooza, na soko lililojengwa juu ya ngome. "Alitueleza kijana mmoja mrefu," anasema, "kijana mzuri sana, ila maskini mambo ya soko hayajui."

Sijamsahihisha.