Matembezi ya Wahugenoti pale Spitalfields, London: nawapa nyota 4

Jamani kama upo London au unapita tu, hii ziara ya kutembea kwa miguu usiikose, mi nimeenda jumamosi na shemeji yangu, pauni 15 kila mtu, karibu masaa mawili, na mpaka leo bado naiwaza.

Inahusu Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa waliotoroka kwao hasa baada ya mfalme Louis wa 14 kufuta Amri ya Nantes, ile iliyokuwa inawaruhusu kuabudu kwa imani yao, mwaka 1685. Kama elfu 50 hivi waliingia Uingereza, na wafumaji wa hariri wakajazana huku Spitalfields. Ukipita Fournier Street inua macho uangalie madirisha mapana ya darini, ndo walipokuwa wanaweka vitanda vya mfumi, yaani mitambo ya kufumia, wapate mwanga.

Ila kilichonishika mimi ni habari ya vyeti. Mgeni akifika London, kanisa la Kifaransa la Threadneedle Street lilikuwa linamuuliza cheti kutoka kanisa alikotoka, walikiita témoignage, ushuhuda. Shemeji akanigeuzia macho akasema kumbe kama barua ya utambulisho anayokupa mchungaji ukihama usharika! Kabisa. Sasa wengine hawakuwa na cheti maana kule Ufaransa askari walipelekwa kuishi majumbani mwao, wanakula chakula chao, wanawatesa mpaka wakubali kubadili dini, na wengi walikubali, ungefanyaje na watoto wanalia. Hao wakifika London walisimama mbele ya kanisa zima, wakakiri kwamba walienda misa kwa kulazimishwa, wakaomba radhi, halafu wakapokelewa na kushiriki meza ya Bwana na wenzao. Nilisimama pale njiani machozi yananilenga, maana aliyekuwa anasikiliza kwenye benchi naye pengine alikiri hivyohivyo mwezi uliopita.

Kituo cha mwisho ni kona ya Brick Lane, jengo walilojenga 1743 kama kanisa lao, baadae likawa la Wamethodisti, 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliokimbia kutoka Urusi na jirani zake, na tangu 1976 ni msikiti wa Wabangali. Juu ukutani ipo saa ya jua ileile, imeandikwa Umbra Sumus, sisi ni kivuli. Tulipofika watu walikuwa wanatoka kuswali, mzee mmoja akatupisha njia akatusalimia.

Nyota moja naikata kwa sababu tulikuwa watu kama 30 na muongozaji hana kipaza sauti, sisi wa nyuma habari ya ile nyumba waliyokuwa wanagawia maskini supu na mkate tumeipata nusunusu, magari yanapiga kelele. Wapunguze watu jamani. Vaeni viatu vya kutembelea na mkae mbele.

Lile kanisa la Kifaransa la Threadneedle Street siku hizi lipo Soho Square na ibada bado ni ya Kifaransa, shemeji anakijua kidogo, jumapili tunaenda.