Muhuri wa mwanasheria Mwanza: ofisi iliyotudai vyeti halisi

Mtoto wa kaka yangu alivuka kutoka Nansio, Ukerewe, na bahasha yake ya vyeti ili tuvithibitishe kwa ajili ya maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini. Tulianzia steshenari moja ya mjini. Unatoa kopi hapohapo, unalipa 1,000 kwa kila karatasi, kijana anaingia nyuma ya pazia na kutoka na muhuri wa wakili umeshagongwa. Wakili mwenyewe humwoni. Hakuna aliyeuliza cheti halisi kiko wapi. Nilimwambia binti tuondoke, tukatafuta ofisi yenye wakili ndani.

Tuliipata ghorofani, upande wa Makoroboi. Bei ni 2,000 kwa nakala, mara mbili ya kule, na nailipa kwa moyo mweupe.

Wakili ni mama wa makamo. Baada ya shikamoo na marahaba alinyoosha mkono, akasema: "Nipe vyeti halisi kwanza, nakala baadaye." Alilaza cheti cha kidato cha sita kando ya nakala kivuli, akapitisha kidole kwenye jina, namba ya mtihani, masomo na alama, kisha akageuza nyuma. Nakala ya cheti cha chuo ilikuwa imekatwa chini, namba ya cheti haikutokea yote. Akairudisha ikatolewe upya. Ndipo akagonga, akasaini, akaandika jina lake na tarehe.

Cheti cha kidato cha nne kilikuwa kimebaki nyumbani Ukerewe, binti alikuwa na picha yake tu kwenye simu. Alibembeleza sana. Wakili akamjibu taratibu: "Mwanangu, hapa ninaandika kwamba nakala hii inalingana na cheti halisi nilichokiona. Hiki sijakiona. Nikigonga nitakuwa nimesema uongo kwa maandishi, na wewe ndiye utakayeupeleka huo uongo kwa mwajiri." Cheti kikaagizwa na meli iliyofuata, tukakifuata Bandari ya Mwanza Kaskazini, tukarudi nacho kwake.

Wengi wetu hatuelewi muhuri ule unasema nini. Unasema nakala ni sawa na karatasi iliyowekwa mezani. Hausemi kwamba karatasi yenyewe ilitolewa kihalali. Hilo kwa vyeti vya sekondari wanalo NECTA, Baraza la Mitihani. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na waliobaini hilo ni NECTA kwa kulinganisha na kumbukumbu zao. Muhuri wa wakili kwenye nakala usingeweza kumwokoa hata mmoja.

Cheti cha kuzaliwa nacho kina mambo yake. Kwa maombi ya kazi wakili alikithibitisha kama vingine. Lakini mdogo wake binti anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, na huko cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Wakili angeweza kuchukua hela yetu na kunyamaza. Badala yake alituambia tusihangaike na kopi isiyosaidia, tuingie kwenye mfumo wa RITA. Hapo ndipo nilipomwamini kabisa.

Kulikuwa pia na suala la jina. Cheti kimoja kinasema Magreth, kitambulisho cha NIDA kinasema Margareth. Wakili hawezi kurekebisha herufi kwenye nakala, hata iwe moja. Alichofanya ni kumwapisha binti na kuandaa hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, ikiwa na mahali na tarehe ya kuapa. Anayetaka kubadili jina kabisa huandaliwa hati nyingine, na ile husajiliwa.

Na msimpeleke wakili wenu wa kesi awe ndiye wa kuwaapisha kwenye kesi hiyohiyo. Sheria ya makamishna wa viapo, yaani wale wenye mamlaka ya kuapisha watu, Sura ya 12, inamkataza. Tulikuta mzee mmoja wa Buhongwa mwenye shauri la kiwanja ameletwa hapo na wakili wake kwa sababu hiyo tu.

Walio nje wasidhani utaratibu ni mmoja dunia nzima. California, Marekani, mthibitishaji wa umma haruhusiwi kuthibitisha nakala ya cheti chako cha shule; wewe mwenyewe unaapa mbele yake kwamba nakala ni ya kweli, naye anathibitisha kiapo chako. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo kutoka kwa ndugu, usiione ya ajabu.

Kasoro ya ofisi hii ni moja, ila inaumiza watu. Chini kwenye ngazi hakuna tangazo lolote la kumwambia mtu aje na vyeti halisi. Tukiwa kwenye benchi alipanda kijana kutoka Sengerema na kopi tupu, akarudishwa, na nauli imeshaliwa. Nilimwomba karani wabandike karatasi pale mlangoni, akaahidi. Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa bado. Kwa hiyo nawaambia mimi: bebeni vyeti halisi, toeni kopi safi zisizokatwa pembeni, na fikeni kabla ya saa nne asubuhi, maana wakili akienda mahakamani hakuna anayegonga kwa niaba yake.