Kununua mche wa mberi: upi wa kuanza nao, upi wa kuuacha kitaluni

Mche wangu wa kwanza wa mberi, yaani mmea wa beri nyeusi, niliuziwa kama "usio na miiba", na kweli haukuwa nayo. Mwaka wa pili, wakati wa palizi, jembe likakata mzizi karibu na shina. Wiki chache baadaye pakachomoza chipukizi lenye miiba iliyopinda kama kucha za paka. Sikuwa nimetapeliwa. Ziko aina, Thornless Evergreen ikiwa mojawapo, ambazo tabaka la nje tu ndilo lisilo na miiba. Ndani mmea ni ule ule wa zamani, na kinachoota mzizini hurudia asili. Muuzaji hakusema, nami sikuuliza. Tangu hapo, kabla ya bei nauliza mambo mawili: aina gani, na mche umeoteshwa vipi?

Uhakikishe kwanza kwamba unachouziwa ni mberi. Ni wa jenasi ya Rubus, katika familia moja na waridi: maua ya petali tano, majani yaliyogawanyika vijani 3 hadi 5. Rangi ya tunda inadanganya, maana zipo rasiberi nyeusi, na beri nyeusi mbichi huwa nyekundu. Chuma tunda lililoiva. Likitoka na kiini chake, ni beri nyeusi. Likikiacha kiini kwenye kikonyo na kubaki na uwazi ndani kama kofia, hiyo ni rasiberi.

Chaguo langu la kwanza ni mche wa kwenye kiriba, wa aina yenye jina, isiyo na miiba, uliooteshwa kwa kufukia ncha ya shina. Navaho husimama wenyewe. Chester na Triple Crown huzaa sana lakini zinataka waya wa kuegemea. Zote tatu zinahitaji majira ya baridi ndipo zichanue vizuri. Pasipo na baridi ya kutosha, tazama Prime-Ark Freedom, inayozaa hata kwenye shina la mwaka huo huo. Kwa kawaida shina la mberi hukua mwaka wa kwanza, huzaa wa pili, kisha hufa, mizizi ikabaki hai. Basi mwenye kukuahidi matunda mwaka huu muulize ni aina gani.

Usione haya kuuchomoa mche kwenye kiriba. Mizizi iliyojizungusha kama kamba imekaa humo mno. Uvimbe wenye magamba mahali shina linapokutana na mizizi ni ugonjwa wa bakteria usio na dawa, na utauhamishia shambani kwako. Pindua na majani: ukiona ungaunga wa rangi ya chungwa kwa chini, rudisha mche ulipokuwa na usinunue hata wa jirani yake.

Cha pili ni mche wa mizizi mitupu, unaouzwa ukiwa umelala, yaani umepumzika kukua. Ni mwepisi kusafirisha, na ukipandwa mapema haupitwi na wa kiriba. Adui yake ni ukavu. Mizizi ikivunjika kama kijiti, umeshachelewa.

Vipande vya mizizi naviweka cha tatu, kwa aina zenye miiba tu, sababu unaijua.

Wa kuchimba porini ni wa bure, na hapo ndipo watu wanapoponzwa. Luther Burbank, mzalishaji wa mimea wa Marekani, aliuza mberi mmoja mwaka 1885 kwa jina la Himalaya Giant, ingawa asili yake ni Armenia na Iran. Leo mberi huo, Rubus armeniacus, ni vichaka visivyopenyeka katika pwani ya magharibi ya Marekani. Rubus ellipticus, wenye matunda ya manjano na shina lenye vinyweleo vyekundu, umo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Huo usiupande hata ukipewa zawadi.

Mbegu ni za mwisho kabisa. Ganda gumu, wiki nyingi kwenye ubaridi, na mche unaotoka huenda usifanane na mama yake.

Mmoja au miwili yatosha, kwani aina hizi hujichavusha. Udongo uwe na pH (kipimo cha uchachu) ya 5.5 hadi 6.5, usiotuamisha maji, na pasiwe mahali palipokuwa na nyanya, viazi au biringanya; kuvu inayonyausha mazao hayo hunyausha na mberi. Wa kusimama upe nafasi ya mita 1, wa kutambaa mita 2 au zaidi.

Navaho wangu niliununua mmoja. Msimu ulipokuwa unaisha niliinamisha ncha ya shina changa, nikaifukia kwa udongo na kuikandamiza kwa jiwe. Nilipolifunua jiwe, ncha ilikuwa imeshika mizizi myeupe kama ndevu za mahindi, nikaikata na kuipanda upande wa pili wa ua.